Jemadari Anakula

Jikoni kwa Jemadari hapakuwa na kiti. Si kwamba viti viliadimika katika ukumbi ule wa sherehe. Upande wa pili wa mlango wa kusukuma vilikuwapo vya kukalisha harusi mbili kwa mpigo, vyote vimevishwa vitambaa vyeupe na kufungwa utepe mgongoni. Lakini kiti kikithubutu kuvuka mlango ule, Jemadari alikikamata mguu akakirudisha kilikotoka, na aliyekileta alipewa vitunguu vya kumenya mpaka akajuta kuzaliwa na makalio. "Moto ukiwaka, mpishi amesimama," ndivyo alivyosema, na moto wake uliwaka tangu asubuhi mpaka sahani ya mwisho irudi kutoka ukumbini.

Jemadari lilikuwa jina la utani, lakini lilimkaa sawasawa hata mumewe alilitumia akitaka kumchokoza. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye alama za oveni kwenye mikono yote miwili kama mistari ya cheo. Aliingia jiko lile akiwa msichana wa kuosha vyombo, akapanda ngazi moja baada ya nyingine mpaka akawa mpishi mkuu, na hakuna aliyembeba. Alikuwa na maringo, tusifichane. Lakini kuna maringo ya kuokota na kuna maringo ya kutolea jasho, na yake yalikuwa ya aina ya pili. Mabibi harusi walisogeza tarehe zao wasije wakaangukia wiki ya likizo yake.

Chombo chake kikubwa cha kazi kilikuwa ulimi. Hakuna sufuria iliyotoka jikoni bila kupita kwake. Alikuwa na kopo la vijiko vidogo kando ya jiko. Alichovya kimoja, akaonja, akakitupa kwenye beseni, akachukua kingine. Supu, mchuzi, viazi, krimu ya keki, vyote vilihukumiwa pale ulimini, na hukumu yake haikuwa na rufaa. "Chumvi chembe." "Punguza moto." "Hii peleka." Mchana ukiisha, beseni limejaa vijiko na Jemadari mwenyewe hajagusa sahani. Wapishi wake walidhani anakula nyumbani. Mumewe alidhani anakula kazini.

Kisukari alikuwa nacho miaka mingi. Kilimjia pale makamo yalipobisha hodi, kwanza kikadai vidonge, kisha kikadai sindano za insulini, za kujichoma kila anapokula. Walioijua siri hiyo ni mumewe na nesi wa kliniki tu. Sindano alijichomea stoo, nyuma ya magunia ya unga, sikio moja likiwa mlangoni. Na shughuli ikiwa nzito, hakujichoma kabisa. Hakuogopa sindano. Aliogopa neno "mgonjwa". Alikwisha kumwona mwokaji mmoja hodari alivyoanza kuitwa hivyo, akahamishiwa getini kufungulia magari, na haukupita muda hata wale aliowafundisha kukanda unga wakawa wanampita bila salamu.

Lakini mficha maradhi kilio humfichua. Macho yalianza kuona ukungu, ganzi ikamwingia vidole vya miguu, na majibu ya vipimo yalipotoka nesi aliyatazama, akamtazama yeye, akavua miwani.

"Mama, hizi sindano unajichoma wewe au unawachoma wateja?"

"Nyingine zinanipita," Jemadari alisema. "Kazi, mwanangu."

Nesi alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya upole na macho yasiyodanganywa. Akafungua kabati, akatoa kifaa kidogo cha rangi ya maziwa, bapa, kisichozidi kipande cha sabuni iliyokwisha tumika nusu. Upande mmoja kilikuwa na gundi. Ubavuni kilikuwa na kitufe.

"Hiki unakijaza insulini asubuhi na kukibandika mwilini, tumboni au mkononi. Kina kisindano chembamba, ukikibandika kinaingia, na wala hutakisikia. Hakina betri wala waya. Mchana na usiku kinakutilia dawa taratibu, bila wewe kufanya lolote. Ukikaa kula mlo, unabonyeza kitufe, kinakuongezea ya chakula. Kesho yake asubuhi unabandua, unatupa, unabandika kipya. Tumeshapanga dawa yako: mlo wa kawaida, unabonyeza mara mbili. Usipokula, hubonyezi. Tumeelewana, mama?"

"Tumeelewana."

"Na milo unakula kama kawaida?"

"Kama watu wote," alijibu Jemadari, macho makavu, na huo ulikuwa uongo mnene kuliko yeye mwenyewe.

Alikipenda kifaa kile tangu siku ya kwanza. Alikibandika tumboni, chini ya aproni, na hakuna aliyejua. Hakuna tena kujibanza nyuma ya magunia, hakuna sindano mfukoni. Alitembea jikoni akiwa na siri yake iliyobandikwa tumboni, akajiona amewapiga chenga wote, ugonjwa ukiwamo. Tatizo lilikuwa kwenye neno moja la nesi, neno "mlo". Jemadari aliligeuza kichwani huku na huku, akaona nesi wa watu ana nia nzuri lakini hajui jiko. Mimi, aliwaza, chakula changu kinaingia kwa vijiko. Basi na dawa yangu iende kwa vijiko.

Ndivyo mpishi anavyofikiri. Hakuna mpishi anayemwaga chumvi yote kwa mara moja. Anatia kidogo, anaonja, anaongeza kidogo, anaonja tena. Kidogo kidogo hakiharibu sufuria, hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake ya kwanza kwa kila aliyemfundisha. Akaonja supu, akabonyeza kupitia aproni, kluk. Akaonja mchuzi, kluk. Akaona amepata kipimo ambacho hata hospitali hawakukijua, na moyoni akajipongeza.

Siku zenye sufuria chache mambo yalikwenda. Alisikia kichwa chepesi, akalaumu joto. Kisha ikaja harusi moja kubwa, yenye sufuria kila jiko na oveni zote zikiwaka, na siku hiyo Jemadari alionja tangu asubuhi bila kupumzika, na kila alipoonja alibonyeza.

Wa kwanza kuona ni msaidizi wake, kijana waliyemwita Mrefu kwa sababu alilazimika kuinama kila alipopita chini ya kofia ya moshi, ile bati ya kuvuta moshi juu ya majiko. Mrefu alimwona Jemadari akitia chumvi kwenye supu. Halafu akamwona akitia tena. Aligeuka kuchukua taulo, na aliporudi akamkuta ameshika chumvi kwa mara nyingine, jasho likimtiririka mpaka kidevuni, akikikemea kitunguu kilichokuwa juu ya ubao.

"Simama wima!" Jemadari alikiambia kitunguu. "Jiko langu hili!"

Mrefu akachovya kijiko kwenye supu, akaonja, akatema. Alipoinua macho, miguu ya Jemadari ilikuwa imeshaanza kumsaliti. Akamdaka kabla hajafika sakafuni, na kwa kuwa kiti hakikuwapo, akamkalisha juu ya kreti la soda. Alipomshika kiunoni alihisi kitu kigumu chini ya aproni. Aliagiza juisi ya machungwa, akamshikia glasi mdomoni, akamnywesha taratibu mpaka macho yake yakarudi kuwa macho ya Jemadari.

Supu ilimwagwa. Wageni wa harusi walianza na kuku moja kwa moja, na mama wa bwana harusi akauliza kwa sauti iwapo siku hizi supu imepigwa marufuku. Meneja alipokuja kuuliza kulikoni, Jemadari alisema, "Joto," akageuka kukata mkate. Mrefu alitazama viatu vyake.

Kesho yake Meneja alimwita ofisini. Hakuwa mtu mbaya, yule Meneja. Alikuwa na tumbo la wema na uoga wa mtu anayejua kwamba harusi ikiharibika haina marudio. Alimkaribisha akae. Jemadari akabaki amesimama.

"Mama, ukumbi huu jina lake ni wewe. Ndiyo maana nataka tukutunze. Kuna nafasi hapa ofisini, ya kuagiza vyakula na vifaa. Feni ipo, kiti kizuri kipo. Jiko atashika Mrefu. Umechoka, mama, si aibu."

Jemadari alihisi kana kwamba amevuliwa aproni hadharani. Aliiona ofisi ile yote kwa mtazamo mmoja: feni, kiti, kalenda ukutani, na yeye katikati akiandika karoti badala ya kuzikata.

"Jumamosi wahandisi wana chakula chao cha mchana cha mwaka," alisema. "Nani anapika?"

"Nilifikiri Mrefu..."

"Nitapika mimi. Baada ya hapo tutazungumza."

Meneja alijikuna shingo. "Haya, mama. Jumamosi. Lakini ikitokea kama jana, Jumatatu unaanza ofisini, na tusinuniane."

Nyumbani alimweleza mumewe yote, hata habari ya kitunguu. Mumewe alikuwa seremala aliyestaafu ambaye kustaafu kwenyewe hakukuweza. Mikono yake muda wote ilikuwa inapiga msasa kitu fulani. Siku hiyo msasa ulisimama.

"Mganga hajigangi," alisema, "na mpishi hajipikii. Hebu niambie, mke wangu, mara ya mwisho kukaa mbele ya sahani ya chakula cha mchana ni lini?"

Jemadari alifikiri. Akafikiri tena.

"Umewalisha watu wa mji mzima," mumewe alisema, "na sahani yako mwenyewe hujui hata rangi yake. Vaa viatu, twende kliniki."

Nesi aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja.

"Asubuhi ile ya harusi, kabla hujaanguka, ulikula nini?"

"Nilionja supu."

"Nimeuliza ulikula nini, mama."

"Nikaonja mchuzi. Nikaonja viazi, na krimu kidogo."

"Mama." Nesi alimshika mkono. "Kuonja si kula. Kijiko cha supu hakihitaji kitufe. Ile dawa inayotiririka taratibu inakitosha. Kitufe ni cha sahani. Wewe umebonyeza, hujala, dawa ya kwanza bado iko mwilini ukaongeza nyingine juu yake, na nyingine tena. Sukari ikashuka. Kile si kibakuli cha chumvi."

Mumewe alicheka, akakohoa kuficha kicheko, akashindwa. Jemadari alimpiga jicho, lakini ukweli ulikuwa umeshamfika. Kosa lilikuwa la kwake, na lilikuwa kosa la ufundi, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Angekuwa ni mpishi mwanafunzi aliyelifanya, angemmenyesha vitunguu mpaka mwisho wa mwezi.

"Kuna mambo mawili," nesi aliendelea. "Moja, hamishia kifaa mkononi, juu huku. Tumboni unaegemea jiko, na insulini haipendi moto. La pili, mchana ukae ule mlo kamili, kila siku, hata kama anaoa mfalme. Na watu unaofanya nao kazi wajue. Ukianza kutoka jasho na kugombana na vitunguu, wajue cha kukupa."

"Hayo ni matatu," alisema Jemadari.

"Basi fanya yote matatu."

Njiani kurudi aliyapima yote matatu. Kubandika mkononi ni rahisi. Kuwaambia ndiko kulikomtisha, na kukaa kula mbele yao ndiko kulikokuwa kugumu kuliko vyote. Bora nesi angemwambia apike mwaka mzima bila chumvi. Mumewe alitembea kando yake, naye hakumharakisha.

"Unajua wanaogopa nini jikoni kwako?" alimuuliza walipofika mlangoni. "Wanaogopa kukuangusha. Watu wa namna hiyo ukiwaambia jambo hawatakudharau."

Jumamosi ilipofika Jemadari aliwahi kuliko wote. Aliwasubiri waingie mmoja mmoja, wafunge aproni, wanawe mikono, wasimame kwenye mstari kama walivyozoea kusubiri amri. Akapiga moyo konde, akakunja mkono wa shati mpaka juu ya kiwiko. Kile kifaa cha rangi ya maziwa kilikuwa pale juu ya mkono, karibu na alama za oveni.

"Nina kisukari," alisema. "Ninacho siku nyingi. Hiki kinanipa insulini. Siku ile haikuwa joto, nilibonyeza kitufe hiki kama ninatia chumvi, bila kula. Nilikosea. Sasa sikilizeni kama mnavyosikiliza habari ya mchuzi, kwa sababu sitarudia. Mkiniona natoka jasho, natetemeka, nasema upuuzi, nipeni juisi au soda yenye sukari. Mara moja. Hata nikikataa."

Kisha mwanamke wa keki, ambaye ulimi wake haukuwa na breki, akainua mkono.

"Jemadari, huo upuuzi tutautofautishaje na wa kila siku?"

Kicheko kililipuka mpaka vifuniko vikatetemeka, na Jemadari mwenyewe akacheka kuliko wote, na alipomaliza kucheka alijikuta mwepesi, kama mtu aliyetua gunia ambalo amelibeba mpaka akadhani ni mgongo wake. Alimtazama Mrefu. Mrefu alikuwa hacheki, alikuwa akitabasamu tu.

"Wewe ulijua."

"Shangazi yangu anacho," Mrefu alisema. "Nilipokudaka nilikigusa. Nikasema mwenye siri ndiye mwenye kuitoa."

Akawapangia kazi. Na hapo akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya: akagawa kuonja. Supu alimpa mpishi wa supu, mchuzi Mrefu, viazi mwingine, krimu mwanamke wa keki. Yeye angeonja mara moja tu, mwishoni, ncha ya kijiko. Ilimuuma. Ilikuwa kama kuwagawia watoto wa jirani nguo za mwanao. Alizunguka nyuma yao, mikono mgongoni, akijizuia.

"Imepungua ndimu," alisema wa supu, akiwa ameyafumba macho, na Jemadari aliyekuwa amesimama nyuma yake, anayeisikia harufu tu, alikuwa amewaza neno hilohilo wakati huohuo. Akasogea kwa Mrefu. "Bado," Mrefu aliuambia mchuzi wake, akaacha, akaonja tena, akatikisa kichwa. "Bado. Sasa." Na kweli ilikuwa sasa. Jemadari aligeuza uso ukutani kidogo. Miaka yote alidhani wanamsubiri yeye awaambie. Kumbe walikuwa wanajifunza. Alijivunia watu wale.

Wahandisi walianza kuingia ukumbini, sauti zao zikapenya mlangoni. Supu ilitoka, ikarudi bakuli tupu. Ikafika zamu ya sahani kubwa: kuku wa kuokwa, mchuzi, viazi, mboga za majani. Sahani za kwanza zilipokwisha kupangwa na kutoka, mlango wa kusukuma ukafunguka, na mwanamke wa keki akaingia amebeba kiti. Kiti cheupe, na utepe wake mgongoni. Akakiweka mwisho wa meza ya kukatia. Mrefu akaweka sahani mbele yake, iliyopangwa kama ya mgeni, mchuzi ukiwa mahali pake, ukingo umefutwa kwa kitambaa safi.

Jiko zima likamgeukia Jemadari. Moto ulikuwa unawaka, tena wote.

Jemadari alikitazama kile kiti. Mkono wake ulikuwa umeshaanza kunyooka kukikamata mguu, kwa mazoea tu. Akaushusha. Alifungua kamba ya aproni ili aweze kukunja kiuno, akavuta kiti, akakaa. Akabonyeza kitufe mkononi, kluk, na tena, kluk, mbele ya macho yao wote. Akashika uma.

"Mnatazama nini?" alisema. "Sahani zinapoa."

Wakarukia kazi.

Hajamaliza hata viazi vya kwanza, Meneja akaingia mbio, tai imepinda. Alipomwona Jemadari juu ya kiti alishika kichwa.

"Nilijua! Amezidiwa tena!"

Mrefu alijisogeza, akasimama kati ya mlango na kile kiti, upawa mkononi, kichwa kikigusa kofia ya moshi.

"Hajazidiwa, Meneja. Jemadari anakula."

"Anakula? Saa hii? Wahandisi wameshakaa!"

"Wao wamekaa wale. Na yeye amekaa ale."

"Na jiko linaendeshwa na nani?"

"Wewe wa oveni," Jemadari alisema bila kugeuka, akiwa bado anatafuna, "geuza trei ya chini, kona ya nyuma inataka kuungua. Na hiyo sufuria ya mwisho punguzeni moto, naisikia inavyogonga kifuniko."

Oveni ikafunguliwa. Kona ya nyuma ilikuwa imeanza kugeuka rangi, imeanza tu. Trei ikageuzwa. Kifuniko cha sufuria ya mwisho kikanyamaza. Meneja alitazama oveni, akatazama sufuria, akamtazama mwanamke aliyekaa.

Jemadari alifuta mdomo, akanyoosha mkono ili aone vizuri.

"Meneja, nina kisukari. Hii ndiyo dawa yangu. Siku ya supu nilikwambia ni joto, nilikudanganya. Kosa lilikuwa langu, na limekwisha. Kuanzia leo mchana nakaa, nakula, nasimama, napika. Ukinipeleka ofisini sitapona, nitanenepa tu."

"Lakini mama, kwa nini hukuniambia?"

"Maringo."

"Na sasa?"

"Ninayo bado."

Mtu fulani kwenye masinki alicheka, akajifanya amekwaruza sufuria. Meneja akamgeukia Mrefu, labda kwa kuwa ndiye aliyebaki. "Na wewe si nilikwambia ujiandae kushika jiko?"

"Nimejiandaa," Mrefu alisema. "Siku Jemadari mwenyewe atakaponipa ufunguo, nitakuwa tayari. Leo hajanipa."

Meneja aliinyoosha tai yake. Kutoka ukumbini vilisikika uma na visu vikigonga sahani, na hakuna kelele za watu, na mtu wa kazi ile anajua maana yake: wanakula kwa bidii hata kuzungumza wamesahau. Alisikiliza kidogo, na bega moja baada ya jingine, uoga ukamshuka.

"Basi nafasi ya ofisi nitaitafutia mtu mwingine," alisema. "Karibu chakula, mama." Akatoka, na safari hii hakukimbia.

Jemadari aliurudia uma wake. Akakata kipande cha kuku, akakipitisha kwenye mchuzi, akakiweka na kiazi, akala vyote pamoja. Kisha akasimamisha uma hewani. Mwanamke wa keki alimwona, akaidaka glasi ya juisi.

"Jemadari? Nini? Unatoka jasho?"

Hakuwa akitoka jasho. Alikuwa akitazama sahani. Chakula kile alikijua chote, chumvi yake, siki yake, kila jani. Lakini alikijua kijiko hiki hapa na kijiko kile pale, akiwa amesimama, akiwa na haraka, akitafuta kilichopungua. Hajawahi kukipokea chote kwa pamoja, kikiwa moto, akiwa amekaa, bila kutafuta kosa.

"Nani amepika hiki?" aliuliza.

Wapishi wakatazamana. Mrefu akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa Jemadari.

"Wewe, mama. Sisi tumefuata tu. Ndicho chakula chako."

"Hiki ndicho wanachokula wageni?"

"Miaka yote."

Machozi yalimtoka, na hakuyafuta wala hakuyageuzia ukuta. Alikata kipande kingine, kikubwa kuliko cha kwanza.

"Basi watu hawa wana bahati," alisema Jemadari, akaendelea kula.